Hesabu Mipaka Kabla ya Kuhesabu GB

Mtu wa Likoni, Mombasa, anayepeleka gari Tanga kwa harusi hajisahau upande wa karatasi. Pasipoti imo mfukoni, kitabu cha gari kimo, kadi ya manjano ya bima ya COMESA imeshalipiwa. Simu ndiyo inayoachwa hadi mwisho. Hukumbukwa Lunga Lunga, kilomita mia moja hivi kutoka kivukoni, pale jina la mtandao linapobadilika juu ya kioo na ujumbe wa karibu Tanzania kuingia hata kabla pasipoti haijagongwa muhuri. Hapo ndipo swali huulizwa, tena mbiombio, kwa vijana wanaouza laini kando ya barabara: GB moja huku ni pesa ngapi? Si swali baya, ila ni la tatu kwa umuhimu. La kwanza ni mipaka mingapi itavukwa, na la pili ni siku ngapi zitakaliwa kila upande. Anayeanza na bei ya GB huweza kuishia na data ya rahisi isiyomfaa, huku laini yake ya nyumbani, inayobeba pesa zake na jina lake, imelala pochini imezungushiwa kijikaratasi.

Laini hiyo iliyolala pochini ndiyo kiini cha jambo lote. Simu ya msafiri ina kazi tatu: kumfanya apatikane, kumlipia, na kumpa intaneti. Kwa Mkenya, kazi mbili za mwanzo zimefungwa kwenye namba moja. Tangu M-PESA ianze Machi 2007 namba ya simu imegeuka mkoba, na benki nazo zimeifanya ufunguo, kwa kuwa tarakimu za kuthibitisha malipo hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenye namba ile ile. Ukiichomoa Horohoro, upande wa Tanzania wa mpaka, umejifungia nje ya pesa zako mwenyewe, na gari likiharibika Segera ndugu aliyeko Kisauni hajui atume wapi. Kazi ya tatu, ya intaneti, haihusiani na namba hata kidogo. WhatsApp iliyosajiliwa kwa namba ya Kenya haijali kama data inatoka kwa Vodacom ya Tanzania, kwa Airtel ya Uganda au kwenye Wi-Fi ya gesti. Programu ikiona laini ngeni na kukuuliza kama unataka kubadili namba, jibu ni hapana. Wako wanaobonyeza ndiyo kwa haraka, na jioni hiyo kundi la familia, la chama na la kazini yote yanaarifiwa namba ambayo wiki mbili baadaye itakuwa haipatikani.

Basi laini ya nyumbani haitoki simuni. Kinachonunuliwa ugenini ni data peke yake, na simu za laini mbili, ambazo ndizo zilizojaa mikononi mwa watu kuanzia Mtongwe hadi Bamburi, zimetengenezwa kwa mgawanyo wa kazi wa namna hii hasa. Laini ya Kenya inakaa nafasi ya kwanza, data yake imezimwa, ikipokea ujumbe na kusubiri M-PESA. Nafasi ya pili inabaki wazi kwa chochote safari itakachodai. Tangu 2015 imewezekana pia kutuma pesa kutoka M-PESA ya Kenya kwenda M-Pesa ya Vodacom Tanzania, kwa hiyo hata kumlipa fundi wa Tanga hakuhitaji lazima uwe na mkoba wa simu wa Kitanzania.

Data yenyewe inahitajika kiasi gani? Kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ramani inayokuongoza njiani hula MB chache tu kwa saa, na kuongea kwa WhatsApp kwa kawaida hakufiki MB 1 kwa dakika. Mlaji mkubwa ni video. Filamu ya ubora wa kawaida humaliza karibu GB 1 kwa saa, na ile ya ubora wa juu huweza kufika GB 3. Wako pia walaji wa kimyakimya: programu zinazojisasisha zenyewe, picha zinazopanda kwenye hifadhi ya Google, na video za salamu za asubuhi zinazojipakua kila kundi likiamka. Hizo zikizimwa kabla ya kuondoka, mtu mmoja anayetumia ramani, ujumbe na simu chache anaweza kupita siku nzima kwa MB 300, nayo itabaki. Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: kujua uko wapi hakutumii data hata chembe. Simu hupokea mawimbi ya GPS moja kwa moja kutoka setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,000 hivi angani. Kinachovuta data ni picha ya ramani, na picha hiyo hupakuliwa ukiwa nyumbani. Google Maps inakubali kuhifadhi eneo zima simuni, na programu ya Organic Maps, iliyojengwa juu ya ramani huria ya OpenStreetMap, huweka nchi nzima. Aliyefanya hivyo anaweza kupita Saadani au nyika ya Tsavo, mahali ambapo minara ni michache kwa sababu watu ni wachache, na mshale wake wa buluu bado unasonga barabarani.

Tuje kwenye romingi, neno linalowatia watu woga. Maana yake ni laini yako kuazima minara ya kampuni ya nchi nyingine. Kampuni mwenyeji huidai kampuni yako bei ya jumla, kampuni yako huongeza faida yake, kodi huingia, na bili hukufikia. Lakini kuna jambo la kiufundi ambalo ni nadra kuelezwa: kwa kawaida data ya romingi haitokei pale ulipo. Mtu wa Changamwe akiwa Kampala na laini ya Kenya, akifungua ukurasa wa habari, ombi lake hupita kwenye mnara wa Uganda, likarudishwa hadi mitambo ya kampuni yake Kenya, ndipo likaingia kwenye intaneti. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kichekesho ni kwamba sehemu kubwa ya intaneti ya Uganda na Rwanda, kwa kuwa nchi hizo hazina bahari, yenyewe hupitia Mombasa. Mkongo wa baharini wa SEACOM na ule wa TEAMS ilitua hapa 2009, EASSy ikafuata 2010. Data inayouzwa Kampala mara nyingi imepita jirani na nyumbani kwa mwenye kuinunua, Changamwe.

Mzunguko huo una hasara yake, kwani hupunguza kasi kidogo. Una pia faida ambayo itatufaa mbele. Kwanza tumalize la bei, maana hapa Afrika Mashariki ilitangulia kisha ikaachwa nyuma. Septemba 2006 kampuni ya Celtel, ambayo baada ya kuwa Zain ikawa Airtel mwaka 2010, iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania, mteja wa nchi moja akawa anapiga na kupokea simu katika nchi nyingine mbili bila tozo za romingi. Ulaya ilifuta tozo zake kwa sheria mnamo 15 Juni 2017, karibu miaka kumi na moja baadaye. Huku kwetu serikali nazo ziliingia 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanzisha eneo la mtandao mmoja, na Sudan Kusini ikajiunga. Kupokea simu kukawa bure, na bei ya kupiga ikawekewa kikomo cha senti kumi za dola kwa dakika. Tanzania haikuwa katika kundi hilo la mwanzo. Na kasoro kubwa ni kwamba mkazo wote ulikuwa kwenye sauti. Data, ambayo ndiyo mtu wa leo anaitumia kuanzia alfajiri hadi usiku, iliachiwa kila kampuni na bei yake. Ndiyo maana msafiri analazimika kupiga hesabu ambayo Mjerumani anayeendesha gari kwenda Ufaransa hajui hata kama ipo.

Tuanze na safari ya mpaka mmoja. Likoni, Ukunda, Lunga Lunga, Horohoro, Tanga. Anayeendelea hufika Dar es Salaam. Mwenye kwenda Tanga kuzika au kuhudhuria harusi na kurudi kesho yake hana haja ya laini mpya. Bando dogo la romingi la siku moja, au hata ramani iliyopakuliwa pamoja na Wi-Fi ya wenyeji wake, vinatosha, kwa sababu laini mpya ina gharama isiyoandikwa kwenye bango: foleni na usajili. Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole mwaka 2019, na mgeni husajiliwa kwa pasipoti yake. Aliyevuka kwa hati ya muda ya kusafiria ajiandae kwa maelezo marefu kwa wakala. Uganda mtu huweza kuingia kwa kitambulisho cha Kenya tu, lakini laini ni habari nyingine, pasipoti huulizwa. Kwa atakayekaa siku nne au wiki hesabu inageuka. Nusu saa ya usajili inajilipa, bando la wiki la wenyeji karibu kila mara litashinda la romingi kwa bei, na huyo ndiye anayepaswa kununua. Ila anunue dukani au kwa wakala mwenye mashine ya usajili, akiwa ameshafika mjini na ametulia. Yule kijana wa mpakani anayekuuzia laini iliyokwisha kusajiliwa, tayari kutumika, anakuuzia jina la mtu mwingine. Ni kosa kisheria pande zote mbili za mpaka, na laini hiyo ikiwa iliwahi kutumika kutapeli, wewe ndiye utakayekutwa nayo.

Safari ya mipaka mingi ni mambo mengine kabisa, na wanaoijua vizuri wako Changamwe, Miritini na Jomvu. Lori linaloondoka bandarini kwenda Kampala lina kilomita zaidi ya 1,100 mbele yake. La Kigali hupita Uganda na kuendelea. La Juba hugeukia kaskazini. Dereva hulala mpakani Malaba usiku mmoja, Kampala miwili, kisha yuko mpaka mwingine. Kumwambia anunue laini kila nchi ni kumwambia asimame foleni ya usajili kila siku ya pili na abebe salio lililokufa katika sarafu tatu. Kwake yeye bando la romingi linaloshika nchi kadhaa, hata likiwa ghali kwa kila GB, huweza kuwa rahisi kwa safari nzima, maana hutumia kidogo na huvuka mara nyingi. Anachopaswa kuuliza kabla ya kununua ni orodha ya nchi zilizomo, mitandao mwenyeji, na siku ambazo bando litadumu, kwa sababu mapumziko ya Malaba hayafuati saa ya kampuni ya simu. Jina nalo lisimdanganye. Airtel iko Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Kongo, MTN iko Uganda, Rwanda na Sudan Kusini, lakini laini ya Airtel ya Kenya ikifika Kampala bado ni mgeni, itatozwa kama mpango wake unavyosema na si kama ya jirani yake Mganda. Nao mzigo mgongoni mwa lori husafiri na mawasiliano yake wenyewe. Tangu 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda hufuatilia makontena kwa kufuli za kielektroniki zinazotuma taarifa kupitia mitandao ya simu. Wenye kazi hiyo hawangoji kufuli ifike Malaba ndipo waitafutie mtandao.

Kuna wanaosema romingi ni wizi, na mwenye busara huizima kabisa. Wana haki nusu. Nje ya bando, romingi hutozwa kwa kila MB, na salio la shilingi mia tano linaweza kuyeyuka kabla picha tatu hazijafunguka. Zile hadithi za bili za maelfu ya dola huwahusu zaidi wenye laini za kulipa baadaye, na wengi wetu ni wa lipa kwanza, kwa hiyo hasara yetu ina ukomo: ni salio lililokuwemo. Dawa ni kununua bando kabla ya kuvuka, kisha kuhakikisha limeingia. Pengine mtego mbaya zaidi uko kabla ya mpaka. Mawimbi hayaombi viza. Vanga, Jego na Lunga Lunga yenyewe, simu huweza kushika mnara wa Tanzania mwenye simu akiwa bado Kenya anakunywa uji, na data ya romingi ikiwa imewashwa, inaanza kutozwa. Anayeishi au kufanya kazi mpakani aondoe chaguo la simu kujitafutia mtandao yenyewe, achague mtandao wake kwa mkono. Ni hatua mbili kwenye mipangilio, na haina malipo.

Wengine watasema teknolojia imeshayamaliza haya: nunua laini ya kielektroniki, ile isiyo na kipande cha plastiki, kwa programu kama Airalo, na umevuka bara zima. Kwa mtalii wa Diani mwenye simu ya bei ghali ni ushauri mzuri. Kwa wengi wa hapa una matatizo mawili. Simu nyingi za Tecno, Itel na Infinix za bei ya wastani haziikubali, na laini hizo mara nyingi huleta data tupu bila namba, basi mkoba wa simu hauwezi kufunguliwa juu yake. Hilo la pili halina neno kwa aliyekwisha kuiacha laini ya nyumbani mahali pake. Liko kundi moja ambalo halina hiari. Simu za iPhone zilizouzwa Marekani kuanzia toleo la 14 la mwaka 2022 hazina tundu la laini ya plastiki, na nyingi huletwa Mombasa na jamaa walioko huko kama zawadi. Mwenye simu hiyo akifika kwa wakala wa Tanga ambaye ana laini za plastiki pekee atarudi mikono mitupu. Huyu apange mambo yake ya data akiwa Kisauni.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu serikali. Uganda ilizima intaneti Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na Facebook iliyofungwa mwezi huo ikabaki haifunguki kwa miaka kwenye laini za huko. Tanzania ilizima intaneti nchi nzima kuanzia siku ya kura, 29 Oktoba 2025, kwa siku kadhaa. Na atakayekimbilia VPN akumbuke kwamba TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliagiza Oktoba 2023 watumiaji wa VPN wajisajili. Hapa ule mzunguko wa romingi unaorudi nyumbani huonyesha faida yake: kwa kuwa data hutokea Kenya, huduma iliyofungwa kwa laini za wenyeji huweza kufunguka kwa laini ya mgeni. Hiyo ni sababu ya kweli ya kuweka bando dogo la romingi hata kama umenunua laini ya huko, hasa ukiwa na kazi inayotegemea huduma fulani. Lakini isichukuliwe kuwa kinga. Amri ya kuzima mtandao wote ikitolewa, minara ni ile ile na mgeni huzimika na mwenyeji. Anayesafiri kipindi cha uchaguzi abebe noti, ajue kwa kichwa namba mbili za simu, na amwambie mtu wa nyumbani atafika wapi na saa ngapi.

Nikiulizwa basi nichague, nachagua hivi. Tanga kwa usiku mmoja: ramani iliyopakuliwa na bando la romingi la siku, nawe usipoteze muda wa harusi kwa wakala. Dar es Salaam kwa wiki: laini ya Tanzania katika nafasi ya pili, iliyosajiliwa kwa pasipoti yako mwenyewe. Kampala, Kigali na zaidi kwa gurudumu: bando la romingi la nchi nyingi, na laini ya wenyeji pale tu utakapokaa zaidi ya siku tatu. Na wewe unayeondoka kesho, leo usiku ukiwa bado kwenye Wi-Fi pakua ramani ya kutoka Horohoro hadi Chalinze, zima programu kujisasisha zenyewe, piga simu huduma kwa wateja uulize kama laini yako imeruhusiwa romingi, na hakikisha M-PESA ina salio. Foleni ya feri alfajiri si mahali pa kuanza kutafuta bando.